"Haiko Kitu, Nilishona Tu": Juu ya Vitu Visivyotazamiwa Vinavyoshonwa Nyumbani

Ndugu msomaji, tukizungumza juu ya desturi zetu, macho yanakimbilia upesi kinyago, ngoma, kiti cha mfalme na sanamu ya mti. Vitu hivi ni vya heshima, hakuna anayebisha. Lakini tuko na vitu vingine vilivyotengenezwa kwa sindano na uzi, ndani ya nyumba, usiku, kisha kazi za mchana, vitu ambavyo hakuna mtu aliyevitazamia: kibuyu chenye mshono, nguo ya redio, kaputula iliyotoka katika salopeti ya baba, kitambaa cha binti cha siku za mwezi. Ukimuuliza mama aliyevishona, atakujibu: "Aa, haiko kitu, nilishona tu."

Makala hii inataka kubishana na jibu hilo. Inataka pia kubishana na wale wanaosema kinyume chake, kwamba kila kitu kilichoungwaungwa na maskini ni ubunifu wa kupigiwa makofi. Wa kwanza wanadharau, wa pili wanasifu bila kutazama. Wote wawili hawakugeuza nguo upande wa ndani ili waone mshono. Kazi ya uhakiki ni hiyo: kugeuza nguo. Tutauliza basi maswali matatu kwa kila kitu. Ni haja gani iliyokizaa? Mkono uliokishona ulijua nini? Na kisha kutumika, nani amepona na nani ameumia?

1. Kibuyu chenye mshono

Tuanze na kitu cha zamani, ili mtu asiseme kwamba kushona ni mambo ya Wazungu. Katika vijiji vingi, kibuyu kikipasuka hakitupwi. Mtu anatoboa matundu madogo pande mbili za ufa kwa chuma chenye moto, anapitisha nyuzi, anavuta polepole mpaka midomo ya ufa inakutana, kisha anapaka utomvu wa mti. Kama hakishiki tena munkoyo, kinashika bunga. Hakirudi kwa kazi ile ile kila mara, lakini kinarudi kazini.

Tazama sasa kazi ya mkono. Matundu yakikaribiana sana na ufa, ganda linavunjika. Yakiwa mbali sana, uzi hauvuti. Ukivuta kwa haraka, ufa unaongezeka. Kwa hiyo mshono mzuri wa kibuyu unaonekana kwa nafasi zilizo sawa, na wengine wanaupanga hata unakuwa pambo. Hapa kuna mtu anayejua kitu alichokishika: ugumu wake, udhaifu wake, na umri wake.

Wakusanyaji wa zamani walipenda vitu vizima, na vile vilivyotengenezwa mara ya pili mara nyingi vilibaki gizani. Mwaka wa 2007, makumbusho ya Quai Branly kule Paris yalifanya maonyesho yaliyoitwa "Objets blessés", yaani vitu vilivyojeruhiwa, juu ya utengenezaji wa vitu vilivyoharibika katika Afrika. Ilikuwa kazi nzuri, tuwape haki yao. Lakini maswali mawili yanabaki. La kwanza: juu ya nini kibuyu kilichoshonwa kingoje kusifiwa mbali hivyo, wakati kiko jikoni kwa nyanya yetu? La pili ni juu ya jina lenyewe. Kule wanaona kidonda. Mama jikoni haoni kidonda, anaona kibuyu ambacho kimerudi kazini. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu anayeona kidonda tu atasikia huruma, na huruma haijui kuhesabu matundu.

2. Kiraka kilichogeuka uzuri

Tutoke kidogo Katanga, twende Kasai kwa Wakuba, kwa sababu wao wanatupa mfano ulio wazi kuliko yote wa namna kiraka kinavyoweza kuwa desturi. Kwa Wakuba, wanaume ndio wanaofuma kitambaa cha rafia. Kinapotoka katika mashini ya kufumia, kitambaa hicho ni kigumu, kinakwaruza ngozi, kwa hiyo kinatwangwa ili kilainike. Katika kutwanga, matundu yanatokea. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba hapo ndipo viraka vilianzia: kipande kidogo kilishonwa juu ya tundu, kisha kingine kikashonwa mahali pasipokuwa na tundu, ili kiwe mwenzake. Leo ukitazama zile sketi ndefu za Wakuba zenye alama zinazokimbia huku na huku, ni vigumu kujua kiraka gani kinaziba tundu na kiraka gani kinacheza tu.

Jambo la pili linashangaza zaidi. Sketi ya mwanamke inaweza kufika mita nyingi, kupita sana mahitaji ya mwili. Haishonwi na mtu mmoja. Wanawake wa ukoo mmoja wanashona kila mmoja sehemu yake, kisha sehemu zinaunganishwa. Na wanaume nao wanashona na kupamba sketi za wanaume. Nguo hizi zinavaliwa siku za sherehe, lakini mahali pake pakubwa ni kwa kilio: marehemu anavikwa ili apokelewe kwa heshima na wale waliomtangulia, kisha anazikwa nazo. Fikiri kidogo, msomaji: kazi ya miezi mingi, wakati mwingine ya miaka, inatiwa ndani ya udongo.

Ile rafia yenye manyoya laini, ambayo Wazungu wanaiita "velours du Kasaï", ni kazi ya wanawake. Mwanamke anapitisha uzi kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, anaukata kwa kisu kidogo, na uzi unakaa pale pale bila fundo. Hachori kwanza, mpango uko kichwani mwake. Katikati ya kitambaa anaweza kubadilisha alama, akaanza nyingine. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alikuwa na vitambaa vya Wakuba katika chumba chake cha kazi, na watu wanapenda sana kutukumbusha ile, sawa vile sifa ya Matisse ndiyo iliyovipa vitambaa thamani. Mimi naona kinyume. Matisse alivitazama vikiwa ukutani. Wenyewe walivitazama vikiwa juu ya mwili wa mtu waliyempenda. Anayetaka kuvihukumu bila kilio amesoma nusu ya ukurasa.

3. Sindano ya kambi na nguo ya redio

Turudi sasa Lubumbashi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilitaka wafanyakazi wake wakae na bibi na watoto ndani ya kambi, badala ya kurudi kijijini kila mara. Wanawake wakaletewa masomo ya nyumba: kupika, kunyonyesha kwa saa, kunyoosha nguo, na kushona. Tusidanganyane: masomo yale yalikuwa shule ya utii. Sindano ilitolewa ili mwanamke mweusi afanane na mama wa Ubelgiji, akae ndani, na bwana wake asikose kazini.

Lakini sindano haina masikio. Mara tu ilipokuwa mkononi, ilianza kufanya mambo ambayo mwalimu hakuyafundisha. Kitambaa cha meza kilitafuta meza, hakikuipata, kikapanda juu ya redio. Kisha redio ikapata nguo yake yenyewe, yenye pindo, yenye maua ya nyuzi, na tundu mahali pa kifungo. Televizio ilipofika, nayo ikavalishwa: saa ya habari mama alikunja nguo juu, habari zikiisha aliishusha. Viti vikapata vitambaa vya kichwa na vya mikono. Mtungi wa maji ukapata kofia ya kroshe. Juu ya mito ya kitanda mtu alisoma "Lala salama", na juu ya pazia "Karibu wageni".

Vijana wa leo wanacheka vitu hivi. Wanasema ni mambo ya kizamani, tena ni kuiga Wazungu. Kucheka ni haki yao, lakini kwanza wajibu swali la haja. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la Katanga linaingia kila mahali, redio ilinunuliwa kwa mishahara ya miezi mingi, nguo iliilinda. Ile ni haja ya kwanza. Haja ya pili ni ya ujanja zaidi: kitu kikifunikwa kwa nguo nzuri, kila mgeni anajua kwamba chini yake kuna kitu cha bei. Mama alificha redio ili ionekane. Na haja ya tatu, kwa maoni yangu, ndiyo kubwa. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kazi ilikuwa ya kampuni, hata saa ya kuamka ilikuwa ya kampuni. Maua yale ya nyuzi yalikuwa ya mama peke yake.

Je, vyote vilikuwa vizuri? Hapana. Vingi vilinakiliwa kutoka karatasi moja ya mifano, nyumba kwa nyumba, ua lile lile, ndege yule yule wa Ulaya ambaye hakuna mtoto wa Kamalondo aliyewahi kumuona. Mahali mkono ulipofuata karatasi tu, kitambaa kimekufa. Mahali mama alipochoka na ndege wa Ulaya akaweka jani la muhogo ao jina la mtoto wake, hapo kitambaa kinaanza kusema. Mkosoaji mwenye macho ataona mpaka huo hata katika kitambaa kimoja.

4. Salopeti ya baba na kitambaa cha binti

Kazi ya uhakiki inakuwa ngumu zaidi tukifika wakati wa shida. Wafanyakazi wa Gécamines walikaa miezi mingi bila mshahara. Kisha, mwaka wa 2003 na 2004, zaidi ya watu 10.000 waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Nyumba nyingi zilibaki na salopeti za buluu ambazo hazikuwa tena na kazi. Na masomo yanataka nini kwa mtoto? Buluu na nyeupe. Nani hajaelewa? Mguu wa salopeti ya baba ukawa kaputula ya mtoto, mgongo wake ukawa mfuko wa madaftari.

Tazama kaputula kama hiyo upande wa ndani. Mama mwenye akili hakukata mahali popote. Alitafuta sehemu ambazo hazikuchoka: juu ya paja, chini ya mfuko wa nyuma. Aliacha pindo pana, ili mwaka ujao ishushwe. Alishona makalio mara mbili kwa sababu anajua mbao za benchi. Mfuko wa baba wenye nguvu aliuacha kama ulivyo. Hii ni elimu ya kupima, na haikuandikwa mahali popote.

Hapo kuna kitu kingine ambacho nakitaja kwa heshima, kwa sababu hakuna maonyesho yanayokionyesha na hakuna hotuba inayokitaja: kitambaa ambacho mama anamshonea binti yake kwa siku za mwezi. Kama binti hana kitu cha kujisitiri, anabaki nyumbani, na siku hizo zinarudi kila mwezi. Kitambaa kilichoshonwa vizuri kina tabaka za pamba nzee ndani, kwa sababu pamba iliyofuliwa mara nyingi inanyonya kuliko mpya. Juu kuna kipande cha kikwembe cha rangi ya giza. Pembeni kuna mabawa mawili na kifungo, ili kisisogee mtoto akisimama mbele ya ubao. Mshono unawekwa mbali na ngozi. Kila jambo katika kitu hicho kidogo lina sababu yake, wala hakuna pambo hata moja.

Ukiniuliza ni kitu gani kilichoshonwa vizuri kuliko vyote ninavyovitaja hapa, nitajibu ni hiki. Lakini kina adui mmoja, nayo ni haya. Kitambaa hiki kinataka kufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani mpaka kikauke kabisa. Kwa sababu ya haya, wengi wanakianika chini ya kitanda ao chini ya nguo zingine, na kinabaki na unyevu unaoleta ugonjwa. Hapo desturi ya mkono ni nzuri, desturi ya kunyamaza ndiyo mbaya. Chama cha utamaduni kinachoogopa kusema ile kisijiite mlinzi wa desturi.

5. Si kila mshono ni wa kusifiwa

Mwezi wa 3 wa mwaka wa 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kinshasa. Maduka ya dawa hayakuwa na kashenee za kutosha, na majumba yakaanza kushona. Kwa majuma machache tuliona vikwembe vyote vya Kongo juu ya pua za watu. Palikuwa na kashenee zenye tabaka mbili ao tatu, zilizokaa vizuri juu ya pua na chini ya kidevu. Palikuwa pia na nyingine za tabaka moja, nyepesi, zilizolingana na libaya na kitambala cha kichwa, nzuri kwa picha na zisizozuia kitu. Zote mbili zilishonwa nyumbani, zote mbili kwa kikwembe. Upande wa ndani peke yake ndio uliozitofautisha.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kando ya ziwa Tanganika na ziwa Moero, watu wanachukua vyandarua vilivyotolewa bure juu ya malaria, wanaviunganisha kwa sindano kimoja kwa kingine, na kupata wavu mrefu wa kuvulia. Kwa upande wa mkono, ni kazi ya ajabu: kitambaa chepesi namna hiyo kinapasuka kwa urahisi, na kukipa kamba za juu na uzito wa chini bila kukirarua ni ufundi. Lakini tundu la chandarua lilipimwa kwa ajili ya mbu. Wavu wa namna hiyo hauachi kitu. Unabeba vitoto vya samaki pamoja na mama zao, na dawa iliyotiwa ndani ya chandarua haikuwekwa kwa ajili ya maji yenye samaki. Nyumbani mtoto analala bila chandarua.

Sitaki kumtukana mvuvi. Mtu mwenye njaa leo hawezi kungojea samaki wa mwaka ujao, na wavu wa dukani una bei. Lakini tukiuliza swali letu la tatu, nani amepona na nani ameumia, jibu liko wazi. Chandarua kilichochakaa kikishonwa kuwa uzio wa miche ya mboga ao pazia la dirisha, tusifu, hakuna aliyeibiwa. Kikishonwa kuwa wavu, mkono ule ule wenye akili umeshona shida. Mhakiki anayesifu ujanja wa mshono na kufunga macho juu ya ziwa, huyo hakugeuza nguo.

6. Tufanye nini basi?

Kuna neno ambalo Wakongo wote wanalijua: "Artikle 15", yaani kila mtu ajitafutie. Tunalisema kwa kucheka. Lakini linaficha kitu. Kila tunapomsifu mama aliyegeuza salopeti kuwa kaputula, tukumbuke pia mshahara ambao haukulipwa. Sifa isiyotaja deni inamsaidia mwenye deni. Kitu kilichoshonwa nyumbani kina mambo mawili ndani yake kwa wakati mmoja: akili ya mtu, na upungufu ambao mtu mwingine aliuacha. Kuandika juu ya jambo moja na kuacha la pili ni uongo.

Kwa upande wa wale wanaodharau, tuwakumbushe kwamba njia ya kufanya vizuri iko. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka wa 2000, ulionyesha kwamba kumbukumbu za wakaaji wa kawaida wa mji zinastahili kuandikwa na kuonyeshwa. Makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa Kinshasa mwaka wa 2019. Nafasi iko, kinachokosekana ni vitu na habari zake.

Naleta basi mashauri matatu kwa vyama vyetu. Kwanza, tukikusanya kitu kilichoshonwa, tusiandike tu "kitambaa, Lubumbashi". Tuandike haja: ni mwaka gani, kilitoka katika nguo gani, nani alikivaa. Pili, tuandike majina ya mishono katika luga zetu, kwa kuwa mama wanaoyajua wanazeeka, na jina likipotea mkono unalifuata. Tatu, tusiogope kukosoa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mama aliyeshona kaputula kwa pindo pana anastahili kusikia kwamba pindo lake lilionekana, na aliyeshona kashenee ya tabaka moja anastahili kuambiwa ukweli kwa adabu.

Wakristo wetu wanajua habari ya Dorkasi wa Yafa katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Alipokufa, wajane waliokuwa wakilia walimuonyesha Petro nguo alizokuwa amezishona. Hawakutoa hotuba ndefu. Walionyesha kazi, kila mtu atazame mwenyewe. Mama zetu wengi bado wako hai. Tusingojee kilio ndipo tufungue masanduku yao. Twende kwao na daftari, tukae chini, na wakisema "haiko kitu", tuwaombe kitu kimoja tu: wageuze nguo upande wa ndani, watueleze walianzia wapi.